Mama Alipolishusha Gari

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: gari halipandishwi. Nimeshamwambia kijana wa gereji hapa Area D, nimemwambia mdogo wangu Amosi, na nimemwambia shemeji yangu aliyekuja na simu imejaa picha za pikapu zilizonyanyuliwa, kana kwamba mimi sijawahi kuona gari refu. Tangu tumzike Mama, kila anayeingia uani kwangu akaiona ile Datsun ya zamani ilivyokaa chini anadhani imechoka. Haijachoka. Imekaa hivyo kwa makusudi, na aliyeikalisha hivyo hakuomba ruhusa ya mtu.

Wiki iliyopita kijana wa gereji alikuja kubadilisha shokapu. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, akazimiminia mafuta ya taa, akaketi kusubiri yapenye. Harufu ile ya mafuta ya taa juu ya chuma cha kutu ikapanda na joto la mchana, nami niliyekuwa napita na beseni la nguo nikasimama palepale, nikalia mbele ya mtoto wa watu. Akaruka kuniuliza kama ameharibu kitu. Nikamwambia aendelee na kazi yake. Ningeanzia wapi kumweleza?

Wenzangu tuliokulia Chang'ombe ya hapa Dodoma enzi zile mnakumbuka maana ya kuwa na gari mtaani. Gari likiwa moja, lilikuwa la wote. Letu lilikuwa hilohilo, rangi ya maziwa yaliyoganda, na kilichonifanya nitembee kifua mbele shuleni ni urefu wake. Baba alikuwa amelipeleka kuongezewa vyuma vya springi nyuma, viwili kila upande, na mbele likanyanyuliwa lilingane. Likasimama juu hata mimi, mtoto wa miaka tisa hivi, nilipanda kwa kukanyaga tairi kwanza. Kwa akili yangu ya wakati ule, urefu wa gari ulikuwa ndio urefu wa baba yangu.

Lakini vyuma vile havikuongezwa kwa ajili yetu. Viliongezwa kwa ajili ya magunia ya Baba Mkubwa Lazaro, kaka yake Baba, aliyekaa mitaa mitatu kutoka kwetu na kulima mahindi na alizeti upande wa Mvumi. Magunia yake yalibebwa na gari letu na kulala stoo kwetu, maana hata stoo yetu ilikuwa ya wote. Akitoka yeye walikuja wanakwaya na mabenchi yao, akaja jirani na matofali, akaja mtu wa harusi, akaja mtu wa msiba. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Wengine walibisha hodi, wengine hawakubisha. Niliwahi kumkuta mtu nisiyemjua anautungua, akaniambia, "Mwambie baba nimelichukua mara moja." Alilirudisha baada ya siku mbili.

Baba yangu alikuwa seremala, mkono mwepesi, mpole hadi kero. Neno "hapana" halikuwemo kinywani mwake. Nasema kweli, sikuwahi kulisikia. Mtu akija na shida yake, Baba alikuna shingo, akatazama chini, akasema, "Tutaona." Dodoma nzima ilijua kwamba "tutaona" ya Yona ni ndiyo. Mimi niliuona huo kuwa wema mkubwa. Watu walimsifu barabarani, nami nikasifiwa pamoja naye.

Mama hakusifiwa na mtu. Mama alikuwa na zabibu.

Shamba lilikuwa nje ya mji, kando ya barabara ya Iringa, nusu eka aliyoipata kwa wazazi wake na kuipanda mwenyewe kwa mikono yake. Zabibu zina adabu yake, na mnaozilima mnajua. Ikifika siku ya kuvuna hazisubiri. Kichala kikifika sokoni kizima, chenye ule unga wake mweupe ambao haujaguswa, wanunuzi wa Dar wanakipokea kwa mikono miwili. Kikifika kimepasuka, kinakwenda kwa wakamuaji, na huko mkulima anapewa asante tu. Msimu mmoja nyuma Mama alivuna, akapanga maboksi yake ya mbao kando ya njia, akasubiri gari lililokuwa limeenda kwenye harusi ya watu. Lilifika kesho yake adhuhuri. Msimu uliofuata gari lilikuwepo, lakini lile gari refu lenye springi za magunia halikuujua mzigo mwepesi. Barabara ilikuwa ya vumbi, imejikunjakunja, na pikapu iliruka kila kunjo. Tulipofika stesheni, walikosubiri wanunuzi, chini ya maboksi palikuwa panachuruzika. Mnunuzi, mama mmoja wa mjini mwenye ushungi, alichovya kidole kwenye ule mchuruziko, akamtazama Mama kwa huruma, akasema, "Shosti, umeniletea juisi."

Njia nzima ya kurudi Mama aliyatazama maboksi yakiruka kule nyuma. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anafikiri, na mama yangu alipokuwa anafikiri ilikuwa heri umpishe.

Kabla ya mavuno ya tatu Baba alipata kazi Mtera, ya kupaua nyumba, majuma matatu. Alipanda basi asubuhi, na saa nne hiyohiyo Mama alimwita Fundi Shabani. Huyu alikuwa fundi wa magari wa mtaani kwetu, mtu mzima, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakajenga hapahapa. Ndiye aliyeongeza vile vyuma. Alikuja na sanduku la spana akidhani kuna tairi limepasuka.

"Fundi, nataka ulishushe hili gari," Mama alimwambia.

"Nilishushe kutoka wapi, Mama Yunisi?"

"Kutoka huko juu ulikolipandisha. Toa vyuma ulivyoongeza, na kimoja kingine kila upande. Na mbele ulegeze, liiname."

Fundi Shabani alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akamweleza kwa upole kwamba yeye kazi yake ni kupandisha, hajawahi kuona mtu Dodoma anashusha, na kwamba isitoshe mwenye gari yuko safarini. "Mimi siwezi kufungua gari la mwanaume mwenzangu hayupo. Akija kuniuliza nitasema nini?"

"Utasema hukuligusa."

"Na nani ataligusa?"

Mama alikuwa ameshafunga kanga yake kiunoni. "Nipe spana," alisema. "Wewe kaa hapo kwenye kigoda, uniambie tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu mfululizo Fundi Shabani alikaa kwenye kigoda chetu, mikono mapajani, akinywa chai yetu na kumwelekeza mama yangu kwa mdomo. Mpita njia akisimama, alinyanyua viganja vyake safi na kusema, "Mimi sijagusa, mnaniona, nimekaa." Mama alikuwa chini ya gari. Alinyanyua bodi kwa jeki, akaitegemeza kwa magogo, akamwagia zile bolti mafuta ya taa, akasubiri, akazivuta, zikakataa, akamwaga tena. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa, hata ugali.

"Hapo kwenye bolti ya katikati usiende kwa pupa," sauti ya Fundi ilitoka kwenye kigoda. "Bana kwanza. Vile vyuma vimelaliana kwa nguvu, ukifungua bila kubana vitakurukia."

Alibana. Lakini chuma kimoja kilimrukia hata hivyo, kikamponda kidole gumba, na nilimsikia Mama akitoa neno la Kigogo ambalo sikujua kwamba analijua. Fundi alisimama, akakaa tena. Mama alifunga kidole kitambaa, akarudi chini.

Mimi nilisimama mlangoni nikimchukia. Niseme ukweli, hakuna wa kunipiga sasa. Wengine mtakumbuka kwamba mtaani kwetu alikuwepo bwana mmoja aliyeachana na mkewe, na alichofanya kwanza ni kulifungua gari lake, chuma kimoja leo, kingine kesho, akavipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka likabaki ganda tu, wanataga humo kuku. Kwa hiyo mimi nilijua. Gari likianza kufunguliwa uani, nyumba inavunjika. Nilivihesabu vyuma vilivyopangwa ukutani, nikaona vinaongezeka, na kila kimoja nikakiona ni hatua moja ya Mama kuelekea kwao. Siku ya tatu aliposhusha jeki, gari likajishusha nyuma, kisha akalegeza bolti za mbele, likainama mbele pia, taratibu kama ng'ombe anayejilaza. Mlango wake ulinifika kifuani. Baba yangu mrefu alikuwa amefupishwa mbele ya macho yangu.

Nilitoka mbio hadi kwa Baba Mkubwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Mama analifungua gari la Baba. Anataka kuliuza."

Alikuwa anakula. Hakunawa hata mkono.

Aliingia uani kwetu na mwanawe mkubwa nyuma yake, na nyuma yao mtaa. "Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo, kwa sauti isiyo ya salamu. Mama alitoka chini ya gari, uso una oili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuligusa gari la mdogo wangu?"

"Nilikuwa na spana, shemeji."

Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Baba Mkubwa alimgeukia Fundi Shabani, naye Fundi alinyanyua viganja. "Sijagusa, Mzee Lazaro. Nimekaa."

Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, alinilipia viatu vyangu vya kwanza vya shule, na alipougua Baba alimbeba mgongoni hadi hospitali. Lakini alikuwa amezoea. Alizungukia lile gari akitikisa kichwa, kisha akasema ngoja awaonyeshe watu kilichofanywa. Akaamuru magunia yake ya mahindi yatolewe stoo kwetu na kupakiwa, yale kumi na mawili ya kila siku. Gunia la nne gari lilishuka. La saba matairi yalipotea ndani ya madigadi. Mwanawe akamwambia, "Baba, yatosha," naye akajibu, "Pakia." La kumi na mbili lilipokaa, kijana akawasha gari, likatambaa hadi barabarani likilia, moshi ukatoka kwenye matairi, harufu ya mpira uliounguzwa ikatuingia puani wote. Halikufika hata kwenye duka la kona. Wakateremsha magunia yote kumi na mawili palepale juani, watu wakitazama, na Baba Mkubwa akarudi uani jasho linamtoka.

"Umeliua gari," alimwambia Mama.

"Halijafa, shemeji," Mama alijibu. "Limekataa."

Sijui kama mnanielewa. Mtaani kwetu, katika ukoo wetu, mke wa mdogo mtu alimwambia hivyo mkubwa wa ukoo, mchana kweupe, na hakupandisha sauti. Baba Mkubwa alisema Yona akirudi atajua la kufanya na mke wa namna hii. Akaondoka. Magunia yake yakasombwa kwa mkokoteni wa punda hadi stoo kwake, na kwa mara ya kwanza nikaona sakafu ya stoo yetu.

Jioni ile nilingoja kipigo. Mama alinawa mikono kwa majivu na sabuni, akaniita. "Ni wewe uliyemwita. Umefanya vizuri. Nilikuwa nawaza nitamwitaje bila kwenda mwenyewe." Akaniacha hapo na aibu yangu, nisijue niiweke wapi. Sikumwelewa. Nilichoelewa ni kwamba haogopi, na mtoto akiona mama yake haogopi kitu ambacho watu wote wanakiogopa, yeye mtoto ndiye anayeogopa zaidi.

Siku zilizofuata tulikwenda shambani kwa miguu, majembe begani. Njia ya kuingia shambani ilikuwa na nundu katikati, majani yamefunga, na gari lililoshushwa lingekwamia tumbo pale. Wakulima wenzake walimkuta akiichonga. Mmoja akamwuliza kama si rahisi zaidi kulirudisha gari juu kuliko kuilima barabara. Mama akamwambia kwamba barabara haina ndugu wa kumlalamikia. Akaendelea kulima. Vile vyuma vilivyotolewa alivipeleka kwa mhunzi vikafuliwa visu vya kupogolea mizabibu, ili asiwepo mtu wa kuvikumbuka.

Baba alirudi Jumamosi alasiri, na mfuko wa perege wakavu wa Mtera. Nilikuwa nimekaa kituoni tangu mchana. Nilitaka ayasikie kwangu kwanza, kabla ya kaka yake, kabla ya mtaa, na hasa kabla ya Mama. Nilimshika mkono, maneno yakanitoka yote kwa pamoja, kwamba Mama amelivunja gari, kwamba limekufa, kwamba Mama anataka kutuacha. Baba alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, mimi nikikimbia kando yake.

Alisimama mbele ya gari muda mrefu. Majirani walikuwa wamepata kazi za kufanya karibu na uzio wetu. Mama alitoka jikoni akampokea mfuko wa samaki.

"Yunisi anasema unatuacha," Baba alisema.

"Nimuache nani? Nimeacha vyuma sita." Kisha, bila kumsubiri aulize, akamweleza. Alimkumbusha siku moja ya nyuma ambapo chini ya zabibu palikuwa na mifuko ya chumvi ya duka la jirani, na siku ile, kwa barabara ileile, zabibu zilifika nzima. Mzigo mzito ulililaza gari, likaacha kuruka. "Zabibu haziwezi kuwa nzito," alisema. "Nikaona basi springi ziwe nyepesi."

"Na magunia ya kaka?"

"Hiyo ndiyo faida ya pili."

Baba alivua koti, akajilaza chini na nguo zake za safari, akaingia uvunguni. Tukaona miguu tu. Tulisikia akigonga hapa, akivuta pale. Mimi nilisubiri atoke amkaripie. Alipotoka alimshika Mama ule mkono wenye kidole kilichofungwa, akaugeuza akautazama, na akasema, "Umekaza vizuri." Basi. Majirani wakarudi makwao wamekasirika.

Jumanne tulivuna tangu alfajiri. Tulipanga maboksi, majani ya mgomba juu yake, na kwa mara ya kwanza nilikaa katikati ya Baba na Mama kwenye kiti cha mbele, karibu na ardhi kiasi kwamba niliona kokoto. Gari halikuruka. Lilipanda na kushuka, likipanda na kushuka, nami nikasinzia begani kwa Mama. Stesheni yule mama wa ushungi alifungua boksi la juu, akasema hayo ya juu anayajua, akataka la chini kabisa. Alikinyanyua kichala kwa kikonyo chake, akakitikisa. Haikudondoka hata punje. Akafungua la pili, la tatu, kisha akaacha kufungua. Nilimtazama Mama. Hakutabasamu, lakini alijifunga kanga upya, na mimi hapo, kwa aibu na kwa furaha, nikaelewa kwamba hakuwa akienda popote. Nililia. Baba akadhani nimechoka na jua.

Baada ya hapo yalianza maisha ya raha ambayo sitayasahau. Watu walikuja kuazima kama desturi. Baba alikuna shingo yake, "tutaona" ikiwa njiani, lakini mtu mwenyewe akilitazama gari alisema, "Aa, hili sasa haliwezi," akaenda zake. Baba alishangaa. Kisha akaanza kulifurahia. Akawa anawahi kusema, "Si mnaliona wenyewe lilivyo?" na uso wa masikitiko juu yake, halafu akiingia ndani anacheka chini kwa chini. Mama hakucheka naye. "Unalisemesha gari," alimwambia. "Siku likinyamaza utafanyaje?"

Siku hiyo ilifika. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, tumemaliza kula. Baba Mkubwa aliingia na suti yake ya kanisani, mwanawe nyuma yake na mkokoteni, na kwenye mkokoteni springi mpya, seti nzima, zimepakwa grisi, zinang'aa. Nyuma kabisa Fundi Shabani na sanduku lake, macho chini. Baba Mkubwa alikuwa anatabasamu. Hakuja kwa ugomvi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alikuja na zawadi.

"Mdogo wangu," alisema, "nimeona aibu gari lako kukaa hivyo kama la mtu asiye na ndugu. Nimekununulia. Fundi yuko hapa, nimeshaongea naye. Jua likizama litakuwa limesimama kama zamani."

Hapakuwa tena na la kusingizia. Chuma kilichokuwa kinakataa kwa niaba ya baba yangu kilikuwa kimepata mbadala wake, bure, mbele ya fundi aliyekuwa tayari. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Nilijua angeweza kumjibu Baba Mkubwa, nilimwomba kimoyomoyo amjibu. Yeye alimtazama Baba tu, na zabibu zetu za msimu uliokuwa unakuja, na shamba lile la nusu eka, na kile kidole chake kilichoota ukucha uliopinda, vyote vilikuwa mikononi mwa mtu asiyejua kukataa.

Baba alikuna shingo. Akatazama chini. Nilimwona akianza, midomo imeshajipanga kwa ile "tu" ya "tutaona", nami nikafumba macho.

"Hapana, kaka," alisema.

Nilifumbua. Baba Mkubwa alikuwa bado anatabasamu, maana hakuamini anaambiwa yeye. "Hapana nini?"

"Hapana tu. Asante kwa zawadi. Gari halipandishwi."

"Yona. Ni mimi nakuambia."

"Nimesikia, kaka. Nakuheshimu, na ukiwa na shida yako mimi nitakuja kwa miguu na mabega yangu mawili. Lakini gari ni la zabibu za mke wangu. Hapana."

Fundi Shabani alifunga sanduku lake polepole. Baba Mkubwa alitazama springi zake, akamtazama mwanawe, kisha akageuka bila kuaga. Alikaa msimu mzima hajakanyaga kwetu, na mtaa ulimwita baba yangu majina ya mtu anayetawaliwa na mkewe, majina ambayo nilipigana kwa ajili yake shuleni mpaka nikapasuka mdomo. Watu wengine hawakurudi tena kutusalimia, na hapo ndipo tulipojua walikuwa wanasalimia gari.

Lakini ile Jumapili, mkokoteni ulipokwisha kutoka, Baba alitembea hadi nyuma ya jiko akajishika ukutani. Nilimfuata. Shati lote lilikuwa limelowa mgongoni, yeye aliyepaua nyumba juu kabisa bila kamba. Nilidhani anaumwa. Mama alikuja na kikombe cha maji, hakumpa. Alikishika tu, akasimama mbele yake karibu sana, kama watu wanaotaka kusemezana siri.

"Sema tena," alimwambia.

Baba aliuachia ukuta.

"Hapana," alisema.

"Tena."

Na baba yangu akasema tena, kwa sauti, na wote wawili wakaanza kucheka.